Mkwe wa Bwawa la Tope

Kijijini Kihulila, chakula cha Mkwe kilipakuliwa kabla ya cha watoto. Skolastika Kinunda ndiye aliyeanza, na wenzake wakafuata bila kuambiwa, kama wanawake wanavyofuatana kufagia njia msiba ukitangazwa.

Jioni hiyo alichukua bonge la ugali wa dona, akalivuruga kwa mchuzi wa maharage mpaka likawa laini, akalitia kwenye chungu kidogo chenye mdomo uliomeguka. Akajitwika, akashuka njia ya bwawani. Nyuma yake alifuata punda wa chuma, amebeba vyungu vya majirani, akikoroma kwenye maungio kwa kukosa grisi.

"Nyamaza na wewe," Skolastika akamwambia. "Kesho nitakupaka."

Bwawa la tope lilikuwa limekaa kwenye kikunjo cha mlima kama uji mweusi kwenye sahani ya kina. Zamani, kampuni iliyochimba makaa ya mawe ilikuwa ikiyaosha kwa maji. Mawe mazuri yalichukuliwa. Lile vumbi la mwisho, laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, lilimwagwa hapa pamoja na maji yake. Kampuni ikaondoka. Dunia ikaacha kuchoma makaa. Lakini vumbi halikutua. Chembe zake ni ndogo mno, hata uzito wa kuzama hazina, tena zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kila moja haitaki kuguswa na mwenzake. Ungeweza kuchota kikombe cha tope lile ukakiweka dirishani, ukaolewa, ukazaa, ukarudi kukitazama, ukakikuta cheusi vilevile juu mpaka chini.

Zilijaribiwa mashine za kulikamua kwa vitambaa, na nyingine za kulizungusha kwa kasi mpaka maji yatengane na vumbi. Zilikula umeme mwingi, vitambaa vikaziba, mwisho zikaachwa kando ya barabara, kuku wakatagia humo. Ndipo akaletwa Mkwe.

Jina lake la maabara lilikuwa utando mnywaji. Aliatamiwa kwenye chupa, akaja ameviringishwa kama mkeka, akatandazwa juu ya tope. Akiwa na njaa hufyonza maji kwa tumbo, huyapitisha mwilini, na kuyatoa mgongoni yakiwa safi, mfano wa jasho. Jasho hilo hupita kwenye mifereji hadi tangi la kijiji. Chini yake hubaki tope gumu, linalokatika kama sabuni ya mche, nalo hukaushwa likawa vigae vya kuezekea. Nusu ya mapaa ya Kihulila yalikuwa meusi yanayong'aa kwa ajili hiyo.

Jina la Mkwe alipewa na Kasiani, mume wa Skolastika, siku ile ile ya kwanza. "Kitu kinacholetwa kwa ngoma," alisema, "kikae kwetu, kinywe maji yetu, na kisitie neno, hicho kama si mkwe ni nini?" Watu wakacheka, na jina likakaa.

Sasa, agizo lililokuja naye lilikuwa moja tu: asilishwe. Njaa ndiyo kazi yake. Lakini wakata vigae walikuwa wakila jioni pale chini ya ukuta wa bwawa, na siku moja Mkwe akajongea mpaka ukingoni walipokaa. Macho hana, kweli. Lakini alikuwa amegeukia upande wao. Nani katika Wamatengo, watu wa milima hii, angemeza tonge mbele ya mkwe aliyekaa kimya? Skolastika alimega kipande, akakiweka ukingoni. Kikaenda. Tangu hapo ikawa desturi.

Alifika kwenye jiwe lake, lile bapa lililo karibu na ukuta, akachuchumaa, akagonga mdomo wa chungu kwa ukucha. Ukingo wa Mkwe ukainuka taratibu kutoka kwenye weusi, mwembamba, unapitisha mwanga kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ukalala juu ya kiganja chake. Ulikuwa na uvuguvugu.

"Kula, mkwe wangu. Leo maharage yameiva vizuri. Jana yalikuwa mawe, najua, usinichongee."

Ukuta nao ulikuwa na sauti. Ulitiwa vipima uzito ndani yake, na kipaza sauti chenye lafudhi ya mama mmoja wa Pangani, ili watu wasihangaike na namba. Kila jioni ulisema, "Niko salama, ndugu zangu," na watu wakauitikia, "Haya, nasi tupo."

Jioni hiyo ulisema, "Ndugu zangu, nimeanza kulemewa."

Skolastika akabaki na mkono hewani.

"Shikamoo, mama." Sauti ilitoka juu yake. Injinia Tunu Mshangama, aliyemlea Mkwe tangu chupani na aliyekuja kumkagua kila baada ya miezi michache, alikuwa amesimama juu ya ukuta, begi bado mgongoni, viatu vina vumbi la safari kutoka Songea.

"Marahaba, Injinia. Umetujia bila taarifa, na chungu hiki ni cha Mkwe, hata ukoko sikukubakizia."

Tunu hakucheka. Alikuwa anatazama chungu, kisha kiganja, kisha vyungu vingine mgongoni mwa punda. "Mama, unafanya nini?"

"Namlisha."

"Unamlisha."

"Kila jioni. Kwani sisi wachoyo?"

Tunu alishuka ngazi za ukuta polepole, akaketi kwenye tope kavu. Akaifunika midomo kwa mkono. Skolastika alifikiri analia. Kumbe alikuwa anacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

"Mwaka mzima najiuliza kwa nini tangi lenu linapungua wakati bwawa halipungui," akasema. "Nimepima tope. Nimepima mifereji. Nimebadilisha vipima vya ukuta. Maji yanaingia mwilini mwake na hayatoki! Nikasema labda ni ugonjwa."

"Mimi nilidhani amenenepa."

"Amenenepa, mama. Amenenepa maji ya bwawa zima. Aliyeshiba hatoi jasho, anaweka akiba. Tazama katikati."

Skolastika alitazama. Katikati ya bwawa mgongo wa Mkwe ulikuwa umevimba kama lengelenge, mpana kuliko uwanja wa kanisa. Alikuwa amezoea kuuona na kuufurahia, kama mtu anavyofurahia mashavu ya mtoto aliyeachishwa ziwa vizuri.

"Maji yale yote yanaegemea ukuta huu," Tunu akasema. "Mvua ya kwanza ikija juu yake, utapasuka."

Chini ya ukuta, bondeni, yalionekana mapaa ya Kihulila Chini. La tatu kutoka mtoni lilikuwa la Dafroza, binti yake Skolastika, aliyekuwa ndani na kichanga ambacho arobaini yake ilikuwa haijatimia.

"Tuache kumlisha leo hii hii," Skolastika akasema, na mkono wake tayari ulikuwa umefunika chungu.

"Tutaacha. Lakini ataishi kwa akiba yake mpaka katikati ya masika. Hatuna muda huo." Akashusha begi mgongoni. "Ipo chumvi. Nimekuja nayo kwenye gari. Ukimmwagia mgongoni, inamkamua. Siku moja tu, maji yote yanatoka kwa mfereji wa pembeni mpaka lile shimo la taka, ukuta unapumua."

"Na yeye?"

"Atabaki kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa."

Ukingo wa Mkwe ulikuwa bado umeegemea kidole cha Skolastika, unasubiri kilichobaki.

"Mwanangu Tunu," Skolastika akasema. "Huyu anasikia maumivu?"

"Hana ubongo, mama. Hana moyo. Ni hai kama hamira ilivyo hai." Tunu akautazama ule ukingo. "Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti. Lakini mimi ndiye niliyemtotoa. Kwenye chupa aliegemea upande niliokaa. Usidhani nimebeba chumvi hii kwa furaha."

*

Kihulila jambo kubwa halikuamuliwa kwa simu wala kwa mkutano wa kunyoosha mikono. Lilipelekwa kwenye sengu. Ukoo unakusanyika uwanja mmoja, kila nyumba inaleta chungu chake, watu wanakula pamoja, wanawake huku na wanaume kule, na chakula kikishuka ndipo maneno yanapanda. Asiyeonja chungu hana sauti. Kwa hiyo Injinia Tunu alikalishwa kwenye mkeka, akawekewa ugali na matembele, akaambiwa ale kwanza.

Mwenye uwanja alikuwa Bibi Rustika, mama yake Kasiani, mwembamba kama mpini, meno mawili, ugoro mkononi. Alimsikiliza Tunu mpaka mwisho. Kisha akapiga chafya.

"Nani amemlisha?" akauliza.

Wanawake wakatazamana. "Sote, mama," Skolastika akasema. "Mimi wa kwanza."

"Na mimi," Kasiani akaitikia kutoka upande wa wanaume. "Nimempa hadi machicha ya pombe Jumapili."

"Ndiyo maana aliyumba Jumatatu," mtu akasema, na uwanja ukacheka.

Bibi Rustika hakucheka. "Kama amekula vyungu vya sengu, basi ni mtu wa sengu. Hatuwezi kumkatia shauri hayupo. Aitwe."

"Mama, huyo labda tumlete kwa ndoo," Kasiani akasema.

"Wewe nyamaza, ni wewe uliyempa jina. Mimi nilikuja nyumba hii nikiwa mkwe. Mamamkwe wangu alininyima chumvi mwaka mzima nione adabu. Huyu mnataka kumpa gunia zima kwa mpigo!"

Sasa hata Tunu alicheka. Lakini Skolastika hakuwasikia tena. Neno moja lilikuwa limemkaa kichwani, nalo ni kuitwa. Mkwe huja anakoitwa na chungu. Siku ya kwanza alitoka katikati ya bwawa mpaka ukingoni, kwa tonge moja tu.

"Injinia," akasema. "Chungu kikiwa juu zaidi, atapanda?"

"Juu wapi?"

"Kwenye ngoro zetu."

Mlima ule wote ulikuwa umefunikwa ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo, mpaka mlima unafanana na kitambaa kilichofumwa. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake, linayameza, na kuyapitisha tuta hadi tuta bila kubomoa udongo. Ngoro zilizokuwa jirani na bwawa zilikuwa zimeandaliwa, zinasubiri mahindi.

Tunu aliweka tonge chini. Alitoa kibao chake cha hesabu, akakiegemeza kwenye goti, akaandika na kufuta, akaandika tena. Wanawake walimwachia nafasi kama mtu anayehesabu maumivu ya uchungu.

"Akipanda, atabeba maji tumboni mwake mwenyewe," akasema taratibu. "Uzito utaondoka ukutani. Huko juu mkimnyima chakula, atayatoa kidogo kidogo, na mashimo yatayachuja. Lakini jua linaweza kumuua. Na mwendo wake ni wa konokono aliyeshiba. Sijui kama atawahi mvua. Sijui, jamani, nisiwadanganye."

"Tutamfunika nyasi," mwanamke mmoja akasema.

"Na mahindi?" akauliza mwingine.

Kuwa na mkwe kwenye ngoro maana yake ni kutopanda. Mwaka mzima wa unga ulikuwa katika mashimo yale.

"Chukueni zangu kwanza," Skolastika akasema. "Zile zinazogusa bwawa ni zangu. Mimi ndiye niliyemzoesha kukaa mezani."

"Basi mwaka huu tutatafuna vigae," Kasiani akasema, na kwa jinsi alivyosema, Skolastika alijua amekubali. Na nyumba moja baada ya nyingine zikataja mashimo yao, nyingine kwa moyo mweupe, nyingine kwa kuguna.

Tunu aliinua mkono. "Nina sharti. Ukuta ukisema hauwezi tena, chochote kitakachokuwa kimebaki bwawani kinapata chumvi. Hatubishani siku hiyo. Kuna watoto bondeni."

Uwanja ukamtazama Skolastika. Alifikiria paa la tatu kutoka mtoni, na moshi wake mwembamba wa maji ya kumwogesha mzazi.

"Nitaimwaga mimi," akasema. "Asimwagiwe na mtu asiyemjua."

*

Kesho yake, umande haujakauka, chungu cha kwanza kiliwekwa kwenye nyasi juu ya ukingo wa bwawa, na Skolastika akagonga mdomo wake. Hakuna kilichotokea. Akagonga tena. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye matuta, miguu imenyooshwa, wanasuka ukili na kusengenya, maana walishajua siku itakuwa ndefu.

Jua lilipofika utosini, ukingo wa Mkwe ulitoka majini na kulala juu ya majani.

"Kaja!" mtu akapiga kigelegele, na wengine wakamnyamazisha, asije akashtuka.

Walimwagia njia maji isimkwaruze. Wanaume walifyeka nyasi ndefu na kuzitandaza juu ya mgongo wake, na kila jua lilipogeuka walizigeuza. Kila chungu kiliwekwa juu kidogo ya kile kilichotangulia. Chakula kilikuwa cha kuonjesha tu, cha kumkumbusha, si cha kumshibisha, na lawama zilikuwa nyingi. "Huyu Eufrasia anatia nyama! Atamlaza hapa hapa!" Mkwe alijivuta, akajaa kwenye shimo la kwanza kama unga uliokandwa unavyojaa bakuli, akafurika tuta, akaingia la pili. Alikuwa mzito. Ukimgusa ulihisi maji yakitembea ndani yake, kama tumbo la mama mjamzito.

Tunu alilala nyumbani kwa Skolastika, akazunguka mlimani na kibao chake kutwa nzima, akizungumza na ukuta kuliko na watu. Jioni ile mashimo ya juu yalipoanza kuchuruzika kwa mara ya kwanza, alikuja mbio na kikombe.

"Onja, mama."

Skolastika akaonja. Maji yalikuwa baridi, na yalikuwa na harufu ya mbali ya nyasi zilizooza. "Matamu," akasema.

"Safi kuliko ya mashine," Tunu akasema, na akakaa chini pale pale akayanywa yaliyobaki, anatabasamu mwenyewe kwa mwenyewe. Zilikuwa siku njema zile. Skolastika baadaye alizikumbuka kama siku za harusi: kazi nyingi, miguu inauma, na kila mtu anajua anakotakiwa kuwa.

Ukuta ukawa unasema, "Nimepungua, ndugu zangu." Halafu ukasema, "Nimepungua tena." Nusu ya Mkwe, na zaidi ya nusu, ikawa mlimani.

Lakini kuna sehemu haikutoka. Ile iliyolala chini ya ukuta, pembeni mwa jiwe bapa, ilibaki mahali pake. Kiungo kati yake na iliyopanda kilizidi kuwa chembamba, kisha kikakauka, kikakatika chenyewe kama kitovu. Wanawake waliita kutoka juu kwa vyungu vyao vyote. Haikusogea. Kila jioni, saa ile ile, ukingo wake uliinuka kando ya jiwe na kutulia hewani.

"Inangoja nini?" Kasiani akauliza.

Skolastika alikuwa ameshajua. Hapo ndipo alipokuwa akimlisha. Sehemu hiyo ilikuwa yake, ilijua mkono wake na mahali pake tu, na kuitwa kutoka kwenye nyasi haikuelewa.

Alijaribu. Alishuka na chungu, akakiweka hatua moja kutoka kwenye jiwe. Ukingo ukamfuata, ukala, na akiinuka tu ukarudi kwenye jiwe. Siku kadhaa alifanya hivyo, asubuhi na jioni, akaanza kupata hatua mbili, tatu. Angepewa mwezi mmoja, angempandisha.

Hakupewa. Mchana mmoja mawingu yalipanda kutoka upande wa Nyasa, ya rangi ya sufuria, na upepo ukageuza majani ya migomba yote upande mmoja. Matone ya kwanza yaliangukia mapaa ya vigae yakasikika kama mbaazi zinazopukuchuliwa. Mlimani mashimo yalianza kupokea maji. Bwawani ile sehemu iliyobaki nayo ilianza kuvimba.

"Ndugu zangu," ukuta ukasema, "siwezi tena."

Skolastika alikuwa uwanjani. Tunu alikuwa tayari ana ndoo ya chumvi mkononi, nywele zimelowa. "Mama, niache niende mimi. Tafadhali."

"Nilisema nini kwenye sengu?"

"Ulisema. Lakini hakuna atakayekulaumu."

"Ndiyo maana lazima niende," Skolastika akasema. Akachukua ndoo, akajitwika, akashuka njia ileile. Bondeni kengele ilikuwa ikigonga na watu wa Kihulila Chini wakipanda kilima kwa mstari, mwenye godoro, mwenye mbuzi. Alimwona Dafroza kwa khanga yake ya njano, amejifunga kichanga kifuani. Alimtazama mpaka alipofika juu ya kilima, lakini nyuma yake walikuwa bado wengi.

Kwenye jiwe bapa alichuchumaa. Hakugonga chochote. Ukingo ukainuka wenyewe kutoka kwenye weusi, ukatafuta kiganja chake, ukakipata.

Angeweza kumwaga mara moja akiwa amesimama. Angeweza hata kumletea tonge la mwisho, na njiani alilifikiria, akaona ni kumdanganya.

"Leo sina chakula, mkwe," akamwambia. "Leo nimekuja kukuomba maji. Yote. Nimekulea vibaya, na ninakuomba wewe ulipie. Si haki, najua."

Mvua ilikuwa inampiga mgongoni. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa kwa sababu ya adabu tu. Kisha akainua ndoo kwa mkono wa pili na kumwaga, taratibu, akitandaza sawasawa kama anayeanika mtama.

Mkwe alitetemeka mwili mzima. Mgongo ukajikunja, ukajikaza, na maji yakaruka kutoka kwake kwa kishindo, yakajaa mfereji wa pembeni, yakaenda yakinguruma kwenye shimo la taka. Ukingo uliokuwa kwenye kiganja cha Skolastika haukujiondoa. Ulibaki pale, ukaanza kuwa mkavu, mwepesi, mpaka ukawa kama ganda la kitunguu. Ndipo akautua juu ya jiwe.

Nyufa za ukuta zilikuwa zinatoa machozi meusi. Zikatoa. Zikapungua. Mvua iliendelea, bwawa likapokea, na kwa muda mrefu hakuna sauti iliyosikika ila ya maji.

"Niko salama, ndugu zangu," ukuta ukasema.

"Haya," Skolastika akaitikia. "Nasi tupo."

*

Asubuhi mlima ulikuwa unatoa mvuke. Katika ngoro zote Mkwe alikuwa amejikusanya katikati ya mashimo, amejikunyata, kingo zimekunjwa ndani. Hakuwa amefanya hivyo hata siku moja.

"Kiungo kilishakauka," Tunu akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Hakuna njia yoyote ya huyu kujua yaliyompata yule."

"Pengine," Skolastika akasema.

"Pengine ni baridi ya mvua."

"Pengine."

Wanawake walikuja mmoja mmoja na vyungu, maana walikuwa wamepika bila kupatana. Dafroza alikuja pia, amelala vizuri, kichanga kinanyonya. Bibi Rustika alipandishwa kwa punda wa chuma, akishika mpini wa mgongoni mwake kwa hofu na kumtukana, na alipofika akataka mkeka wake utandazwe palepale kati ya matuta. Walikaa. Tope la bwawani, huko chini, lilikuwa limeshuka na kuanza kushikana, na Kasiani alikuwa ameshaingia na jembe kulijaribu. Walimsikia akipiga mluzi.

Skolastika aliweka chungu chake juu ya tuta, si karibu sana na Mkwe.

"Kanuni inasema asilishwe, mama," Tunu akamkumbusha, kwa sauti ya chini.

"Na kuhusu kumwomba mtu radhi, kanuni yako inasemaje?"

Tunu alifikiri. "Haisemi kitu."

"Basi kaa ule."

Tunu akakaa, akanawa mikono kwa maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka tuta la juu. Skolastika alimega tonge, akalichovya, akatafuna bila haraka. Hakugonga mdomo wa chungu, wala hakuita. Baada ya muda, kwa upande wa jicho, aliona ukingo mwembamba ukikunjuka, ukisogea juu ya udongo uliolowa, ukasimama njiani. Skolastika akajivuta pembeni kidogo kumpa nafasi, akaendelea kula, bila kumtazama.